Jumamosi za Giza

Ukifika Bangwe, kwa wavuvi wa Kigoma, ukauliza nani ana mikono ya kudaka, watakuonyesha Selestini, na wala hawatakuuliza unamaanisha kudaka nini. Ni nahodha wa kipe, ile mitumbwi miwili inayofungwa pamoja kwa miti, wavu ukishushwa kati na taa zikiwaka juu kuita dagaa. Kwenye kipe mtu wa upande huu hamfikii wa upande ule, kwa hiyo vitu vinarushwa. Kamba inarushwa. Chupa ya chai inarushwa. Muhogo wa kuchoma unarushwa, tena gizani, na wimbi halikungoji ujipange. Selestini anadaka vyote huku anaongea mambo mengine.

Amosi alipoajiriwa kwenye kipe hicho alikuwa kijana wa miguu mirefu na vidole kama vimepakwa mawese. Mwaka wake wa kwanza aliangusha muhogo mwingi ziwani mpaka wenzake wakawa wanasema samaki migebuka wa kule wanamjua kwa jina. Selestini ndiye aliyemfundisha. Usiufuate mkono wa anayerusha, alimwambia, sikiliza anavyovuta pumzi. Amosi akasikiliza. Ikachukua miaka, lakini akawa mdakaji.

Ndipo timu ikaja. Tajiri mmoja wa Dar es Salaam alinunua nafasi kwenye ligi mpya ya kulipwa ya kriketi, akaiita timu yake Migebuka, akasema nyumbani kwake ni Kigoma. Wengi walidhani ni mpira wa miguu. Walipoona magongo wakacheka, kisha wakasikia kuna mshahara, wakaacha kucheka. Wachezaji wengi walitoka mbali, ila tajiri alitaka na wenyeji wawili watatu, basi kocha akashuka ufukweni Bangwe na mfuko wa mipira. Akawarushia wavuvi mmoja mmoja, mipira migumu inayouma kiganja.

Selestini alidaka yote. Amosi alidaka yote isipokuwa mmoja.

Kocha akamuuliza Selestini, "Una miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

Kocha akampa mkono kwa heshima sana, akamwambia ahsante, mzee. Akaenda na Amosi.

Nataka uelewe hapo, maana mtu anaweza kusema Selestini alikuwa na roho mbaya. Hakuwa nayo. Alimsaidia Amosi kubeba begi mpaka kwenye bodaboda ya kwenda Gungu, kambini. Alirudi nyumbani akala vizuri. Lakini kesho yake kwenye kipe alirusha muhogo upande wa pili kama alivyozoea, kijana mgeni akauangusha, na Selestini hakurusha mwingine mpaka taa zinazimwa. Lile neno mzee lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki kuhe.

Kila alikopita ni Amosi tu. Picha ya Amosi na sare ya bluu kwenye kibanda cha chipsi. Akina mama wanaoanika dagaa mchangani wanasema Amosi kanenepa. Hata Leonia, mke wa Selestini, alisema siku moja, "Shemeji yangu kapendeza na zile nguo," naye Selestini akajibu kwamba nguo nyeupe zingempendeza mtu yeyote. Leonia akasema ni za bluu. Akajibu hata za bluu.

Wiki moja kabla ya ligi kuanza, katibu wa timu, mama mmoja wa Dodoma aitwaye Catherine, alikuja Bangwe kumtafuta.

"Shikamoo, mzee."

Selestini akaitikia. Afanyeje.

"Ligi wametupa nafasi ya kuchagua Jumamosi zetu za nyumbani," akasema Catherine. "Uwanja hauwezi kujaa bila wavuvi. Amosi ameniambia wewe ndiye unayejua nafasi za watu wa huku. Tuchague zipi?"

Swali jepesi kuliko hilo hakuna. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haziiti dagaa, mitumbwi inapandishwa mchangani, na Bangwe nzima haina kazi. Harusi ni wakati huo, ngoma ni wakati huo, hata kugombana kunasubiri wakati huo. Giza likirudi, watu wanavua usiku, mchana wanalala kama magogo, na wanawake wanageuza dagaa juani. Mtoto wa darasa la pili angemjibu.

Selestini akaliona jambo zima mbele yake: Bangwe yote uwanjani, Amosi amebebwa juujuu, na yeye amesimama nyuma akichungulia katikati ya vichwa. Akamtajia Jumamosi za giza, zote.

"Wakati huo ndio watu wana hela," akaongeza. Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimtoka vizuri.

Catherine akashukuru sana. Amosi alipoiona ratiba alimjia analalamika. "Kaka, watu wa ligi wamepuuza uliyoyasema, hawajui ziwa kabisa. Wametupangia giza tupu."

"Ndivyo walivyo watu wa Dar," Selestini akasema.

Jumamosi ya kwanza ikafika. Selestini alipaswa kuwa amelala. Akamwambia Leonia anakwenda Kibirizi kutazama nyavu, akapanda bodaboda mpaka uwanjani Gungu, akakaa nyuma kabisa, kofia machoni. Hakuhitaji kofia. Walikuwepo wanafunzi wachache, muuza karanga, na mbuzi aliyekuwa karibu na mchezo kuliko watazamaji wote.

Migebuka walicheza vibaya. Amosi alishika gongo, mpira wa kwanza ukamtoa kabla hajapata pointi, sifuri. Selestini akajisikia vizuri, vizuri kabisa, na sitakuficha hilo. Kisha timu nyingine ikaingia kupiga. Mpigaji wao mmoja akauchapa mpira ukaenda juu, ukapinda na upepo wa ziwani. Amosi alikuwa ameupa mgongo. Alikimbia hata bila kuutazama, kichwa kimeinama kidogo, kama anasikiliza. Akajirusha, akaunyaka kwa mkono wa kushoto karibu na nyasi, akabingirika, akainuka nao, na mpigaji akawa ametoka.

Wenzake walimkimbilia. Muuza karanga alikuwa anahesabu chenji. Wanafunzi walikuwa wanamfukuza mbuzi. Selestini alisimama, mikono imekwenda juu yenyewe, akaishusha haraka na kuketi. Ule ulikuwa udakaji wake yeye. Alimpa mtu, na sasa hauwezi kurudishwa.

Migebuka wakafungwa. Siku ya pili Amosi alishuka Bangwe kusalimia, akawakuta wavuvi wameshaamka wanashona nyavu. Redio ilikuwa imeshataja sifuri yake. Fundi mitumbwi Erasto, ambaye mdomo wake haujui Jumapili, akamkaribisha.

"Karibu, Bwana Sifuri. Mshahara wanautoa mzima au nao unaanzia hapohapo?"

"Lakini nilidaka," Amosi akasema. "Mmoja mgumu, kwa mkono mmoja, nimelala hewani."

"Nani aliona?"

"Uwanja mzima."

"Uwanja mzima ni nani? Taja hata mtu wa Bangwe mmoja."

Amosi akatafuta jina, akalikosa. Watu wakacheka. Selestini alikuwa ameshika sindano ya wavu. Akashona tundu ambalo lilikuwa limeshashonwa.

Walipobaki wawili, Amosi akamwambia taratibu kwamba tajiri amekasirika. Jumamosi ijayo uwanja ukiwa mtupu tena, mechi za nyumbani zinahamishiwa Mwanza, na wachezaji wote wanahamia huko.

"Na wewe utaenda?"

"Nitafanyaje, kaka?"

Selestini alikuwa ameomba sana kimoyomoyo Amosi arudi kwenye kipe. Kwamba angeweza kuondoka moja kwa moja, upande ule ukabaki na watu wa kuangusha muhogo maisha yote, hilo hakuwa amelifikiria.

Jioni, kabla ya kwenda ziwani, Leonia alimpakulia ugali. "Namhurumia Amosi," akasema. "Anasema aliudaka kwa mkono wa kulia, na watu wanamcheka."

"Wa kushoto."

Leonia akaweka mwiko chini. "Baba Yusta. Kibirizi siku hizi kuna kriketi?"

Akamweleza yote, mpaka la Catherine na Jumamosi. Leonia alimsikiliza akiwa ameshika shavu, kisha akasema, "Sasa wewe umeona kitu kizuri peke yako, na ni wewe uliyewafungia wengine wasikione. Umekula peke yako halafu umevimbiwa. Nenda kwa yule mama."

Akaenda. Alikataa kiti.

"Zile Jumamosi nilizokupa ni mbaya," akamwambia Catherine. "Kipindi hicho tunavua. Chagua za mwezi mkubwa."

"Wewe si ndiye uliyesema ni nzuri?"

"Nilisema."

"Kwa nini, mzee?"

"Wivu, mama."

Catherine akavuta simu na kuanza kuwabembeleza watu wa ligi na timu ya wageni. Ilichukua siku mbili, lakini mechi ikasogezwa.

Kabla ya siku hiyo Selestini aliwaambia watu wa Bangwe alichokiona. Alisimama mchangani akawaonyesha: Amosi alivyogeuka, alivyoinamisha kichwa, mkono ulivyokwenda. Erasto akamuuliza mbona alikaa kimya siku ile. Selestini akasema, "Ulikuwa unaongea wewe."

Mwezi ulipokuwa mkubwa, Bangwe ilihamia Gungu. Kuna waliokuja na mashua kutoka Mwamgongo tangu alfajiri. Selestini alipata nafasi mbele, karibu kabisa na kamba ya mpaka, na aliyekuwa analinda upande ule ni Amosi. Kila Amosi alipogusa mpira, watu waliita jina lake, na kila walipoita, Selestini alipiga makofi na kusikia kitu kinamchoma chini ya mbavu. Alipiga makofi hivyohivyo.

Kisha mpira ukaja juu, moja kwa moja kwake. Mikono ikainuka. Hapo hapo akamwona Amosi anakuja mbio, macho angani, na akakumbuka mambo yote. Akaishusha mikono, akaikalia. Chukua, akasema moyoni. Huu nao chukua.

Mpira ulipita juu ya vidole vya Amosi, ukavuka kamba, ukampiga Selestini begani. Wageni wakapata pointi sita, maana mpira ulivuka bila kugusa chini. Umati ukaangua kicheko, na wa kwanza alikuwa Erasto.

Amosi aliinama kuuokota mpira, anahema. "Kaka, mbona hukudaka?"

"Nilikuwa nakuachia."

"Si ulishavuka kamba? Ulikuwa wako."

Selestini akajisugua bega. "Rudi kazini," akasema. "Na ukikimbia usitazame watu. Sikiliza."

Amosi akarudi uwanjani. Leonia alikuwa anacheka hadi anafuta machozi kwa upande wa kanga. Selestini akaitoa mikono alipoikalia, akaiweka juu ya magoti, ikiwa wazi, endapo utakuja mwingine.