Harusi ya Tumpe Iliyokosa Msemaji

Damari ni jirani yangu hapa Igawilo, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Ni mjane, mkulima wa viazi. Binti yake wa pekee, Tumpe, ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na mwaka mmoja. Alipofika umri wa kusoma, mwalimu alikuja mara mbili kumshauri Damari ampeleke bweni, kwenye shule ya viziwi. Damari akakataa. Aliogopa mtoto atateswa na hataweza kumweleza mtu. Wakabaki wawili, wakajitengenezea lugha yao ya mikono. Mvua ina alama yake, chumvi ina yake, hata Mungu. Sisi wengine tulijua mbili tatu, mengine yote tukimuuliza Damari.

Mwaka jana Benjamini, seremala kutoka Nyololo, akamposa Tumpe. Wanapendana, hilo kila mtu aliliona. Damari akaanza kupanga ibada ya ndoa isiyofanana na ya mtu mwingine. Alimwomba mchungaji viapo visemwe kwa mikono, yeye akisimama katikati kutafsiri. Ngoma ya kwaya iwekwe kwenye sakafu ya mbao karibu na Tumpe, aisikie kwa nyayo. Badala ya vigelegele, sisi wanawake tupunge khanga. Mchungaji akaandika yote. Kwenye jumuiya tulimtania kwamba hiyo itakuwa harusi ya kwanza mama mkwe kusema zaidi kuliko mchungaji. Akacheka mpaka akafuta machozi.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, Damari akaanguka shambani. Kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali, upande wa kulia ulikuwa umekufa, ulimi hautoi neno, na hata mkono wa kushoto haukuweza tena kuunda alama.

Mchungaji akatuita ofisini, Damari tukamleta kwa kiti cha magurudumu. Mchungaji akamwonyesha Tumpe pete, akamwonyesha Benjamini, kumuuliza kama anamtaka. Tumpe akaitikia kwa kichwa. Tukashukuru. Halafu mchungaji akajifanya kumvuta mkono kwa nguvu, kumuuliza kama analazimishwa. Tumpe akaitikia vilevile, akitabasamu. Ndivyo alivyozoea kuwajibu watu wasiojua lugha yake.

Benjamini akasema, "Mchungaji, mimi namwelewa."

"Mwanangu, bwana harusi hawezi kumjibia bibi harusi. Nitamfungishaje ndoa mtu ambaye sijapata neno lake?"

Tumpe akaona nyuso zetu zimebadilika. Akamgeukia mama yake, akasema kwa mikono, haraka, mambo mengi. Nilitambua alama moja tu, ile ya kusukuma randa, ambayo ndiyo jina la Benjamini. Nikamuuliza Damari kama binti amekubali. Kichwa chake kikaitikia, kikakataa, kikaitikia tena. Hakikuwa kinamtii. Machozi tu ndiyo yaliyotoka sawasawa. Mchungaji akafunga daftari taratibu.

Ndugu za Benjamini walimwambia atafute mwingine. Alikuja mara tatu kumsalimia Tumpe, lakini alama chache alizojua hazikutosha kumweleza yaliyotokea, kisha akaacha.

Jumamosi iliyokuwa imepangwa, Tumpe aliamka mapema, akavaa gauni lake jeupe, akakaa sebuleni kungoja. Nilikwenda kukaa naye. Akaniuliza kwa mikono, akarudia polepole kama mtu anayesema na mtoto. Nikamwomba Mungu anipe hata alama moja ya kumjibu. Sikuipata. Mpaka leo Tumpe hajui kwa nini ndoa yake haikufungwa, na hakuna wa kumweleza.