Alama za Mtoto Aliyeazimwa

Andika kwanza kwamba baba yangu alizaliwa Siyu na mama yangu Faza, na kwamba mimi nilizaliwa Lamu, ambako hakuna aliyenipeleka shule. Usilipambe hilo. Sikusoma, na haya ninayoyasema unayaandika wewe, mjukuu wangu, kwa sababu yanakuhusu.

Nilikuja Jeddah kufanya kazi za nyumbani, nikabaki, na mtaa wa Ghulail ukawa kwetu. Wewe ulizaliwa hapa, ukakishika Kiarabu cha kusema na cha kusoma mapema kuliko wenzako. Kule Lamu jirani huazima mbuzi ya kukunia nazi, akairudisha imeoshwa. Ghulail waliazima mtoto. Mama aliyeshindwa kumweleza daktari maumivu yake, dereva ambaye kafili aliyemdhamini alimshikia ikama yake ya ukaazi, yaya aliyetaka ruhusa ya kwenda kumzika mamake: wote walinibishia hodi asubuhi wakisema, "Nyanya, tuazime mjukuu akatusemee Kiarabu." Sharti langu lilikuwa moja tu, urudishwe umeshiba. Nami nilikutoa, siku za shule na siku za mitihani.

Kwa hiyo alama zako za sekondari zilikuwa mbaya. Andika hivyo, mbaya, wala usitafute neno laini.

Kisha ukafanya mtihani wa kuingia chuo cha sheria cha kwetu Kenya, ukawapita wote waliofanya nawe. Mwalimu wako alitatizika. Alikushauri uandike katika maombi kwamba uliugua miaka ile. Nilimuuliza uliugua nini. Akasema ugonjwa wowote, mradi wakuhurumie. Nikamwambia kwamba anayeomba kufunzwa sheria hawezi kuingia kwa uongo. Nawe ukaandika kweli.

Tulikwenda Riyadh kwa basi, kwa kuwa wakuu wa chuo walifika huko kuwahoji watoto wetu. Tulifikia mtaa wa Shumaisi kwa fundi cherehani wa kwetu, mwanamke mwenye ulimi. Aliuliza alama zako za shule, ukamtajia.

"Basi utakuwa wakili wa kuku," akasema, "tena hao nao wakubali kwanza."

Ulicheka, kisha ukakisukuma chakula. Niliona. Nikakuamuru ule.

Wahojaji walikuwa watatu, wakaniruhusu kuketi nawe kama mlezi wako. Bwana wa katikati aliziweka karatasi zako sambamba, ya shule na ya mtihani.

"Hizi ni za watu wawili," alisema. "Wewe ni yupi?"

"Wote wawili, mwalimu."

Akataka kujua ni nani aliyekuruhusu kukosa masomo. Ulinitazama. Nikasema ni mimi.

"Hujuti, bi mkubwa?"

"Sijuti. Mgonjwa hangoji shule zifungwe. Ikiwa kwenu mtu hufunzwa sheria ili asiwasikie wanaobisha hodi, mrudishieni karatasi zake tuondoke."

Nilikuwa nimekwisha kushika mkoba. Hapo bibi aliyeketi pembeni akakuuliza wewe, si mimi, utafanya nini ukiazimwa tena ukiwa chuoni. Ukasema utakwenda baada ya darasa.

"Na nyanya yako akikuamuru uende kabla?"



"Nitamkatalia," ukasema.

Ulilisema mbele yangu na mbele ya wageni. Hakuna mtoto wa nyumba yangu aliyepata kunijibu hivyo. Nikauweka mkoba chini.

Jibu lilitukuta tumerudi Jeddah. Wamekupokea kwa masharti: alama zikishuka mwaka wa kwanza, utatolewa. Majirani wanasema umefunguliwa nusu ya mlango. Nusu inamtosha mtu mwembamba kama wewe.

Sasa andika mambo ya kutunza. Cheti chenye alama mbaya usikichane. Kiweke pamoja na kile kizuri, na atakayeuliza umwoneshe vyote viwili. Kitunze Kiarabu chako kisije kikafa huko. Akija mtu na shida yake, mketishe, muulize kwanza amekula, halafu mwambie saa utakayoweza kutoka. Na saa za darasa uzilinde dhidi ya kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza. Nikipiga simu ukiwa ndani, usipokee. Nitakasirika. Niache nikasirike.