Ndege za Matajiri, Walinzi ni Sisi

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye baraza hapa Migori. DO, afisa wa serikali wa eneo letu, alitusomea mapendekezo ya serikali ya kuzuia wizi wa ndege ndogo za watu binafsi: kila boma lililo karibu na kiwanja cha ndege litoe mtu wa kuzilinda usiku.

Mama mmoja akasimama, akakaza leso kiunoni.

"Bwana DO, ng'ombe wangu walipoibwa wakavushwa Tanzania, ulinijibu nini?"

DO akainamia karatasi zake.

"Uliniambia nifuate nyayo. Basi mwenye ndege naye afuate nyayo. Mimi silindi!"

"Keti chini, mama!"

Hakuketi. Tuliobaki tukasimama naye, mpaka DO akaingia garini.

Ndege zina wenyewe. Usingizi wetu nao una wenyewe, na hadi leo hakuna boma lililotoa mtu.