Kibali cha Kushuka Melini

Agot Marial hakuwa mtu wa kutulia hata kabla mama yake hajapelekwa Lodwar. Ukimpa kiti, alikaa ukingoni. Ukimpa chai, aliinywa amesimama mlangoni huku akiitazama barabara, utadhani kuna mtu alimwahidi kuja. Majirani zake kambini Kakuma walishamzoea, na walimtania kwamba Mungu alimpa miguu miwili na kusahau kumpa makalio ya kukalia.

Sasa wewe fikiria mtu wa namna hiyo kupata kazi ya kukaa. Tena kukaa kutwa nzima, akiwachagulia watu wengine mahali pa kwenda kutembea.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ukumbi wa mabati wenye kompyuta kumi na kitu, feni mbili, na umeme wa sola uliokuwa na hasira zake. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa na meli ya watalii inayozunguka visiwa vya bahari ya joto, leo kisiwa hiki, kesho kile. Meli ikitia nanga asubuhi, abiria hupata mchana mmoja tu wa kushuka na kuzurura kabla haijaondoka jioni. Hapo ndipo watu wazima huchanganyikiwa kama watoto mbele ya peremende. Waende kuogelea na kasa? Wapande hadi kwenye maporomoko ya maji? Wazuru shamba la kakao? Au wakae kwenye mashua yenye sakafu ya kioo, wawatazame samaki wakipita chini ya miguu yao? Mtu akishindwa kuamua, huandika swali kwenye simu yake, na swali hilo huvuka dunia nzima na kutua Kakuma, kwa Agot.

Agot hakuwa ameiona bahari. Maji ya kifuuni bahari ya chungu, na bahari ya Agot ilikuwa laga ya Tarach, mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha milimani, maji mekundu yakipita kwa kelele, kisha kesho yake mchanga tu. Lakini kazi aliiweza. Hakuwa na haraka ya kuwauzia watu safari ya bei kubwa. Aliwauliza kwanza: goti lako likoje? Mkeo anaogopa maji? Jana ulilala vizuri? Watu hupenda kuulizwa. Katika wiki zake tatu za kwanza alipata sifa nyingi hadi Akaale, Mturkana wa Lodwar aliyekaa naye meza moja, akawa anamcheka.

"Wewe Agot, wewe unaweza kuuzia samaki maji," Akaale alimwambia. "Na baada ya kuuzia yeye, anarudi kusema asante."

Akaale alikwenda kwao Lodwar kila Ijumaa jioni. Alichukua mkoba, akasimamisha gari, akaenda. Agot alikuwa akimtazama akiondoka na kuona wivu, na hakuuficha wivu wake. Yeye alikuwa mkimbizi, na mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali. Aliingia kambini akiwa mgongoni mwa mama yake, na kwa miaka yote tangu hapo alikuwa ametoka mara mbili tu.

Halafu likaja jicho la mama.

Jicho la kushoto la mama yake lilikufa zamani, kule Sudan Kusini, siku waliyokimbia. La kulia ndilo lililomlea Agot. Sasa nalo liliingiwa na mtoto wa jicho, likawa jeupe kidogo kidogo, mpaka mama akawa anapapasa sufuria. Bahati ikaja: madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitali ya Lodwar kwa wiki moja. Jumatatu gari la wagonjwa likawachukua wazee wa kambini, wakajaa humo ndani, hapakubaki nafasi ya mtu wa kuwasindikiza. Agot alikwenda siku hiyo hiyo kuomba kibali cha kumfuata. Akaambiwa arudi kesho. Jumanne akaambiwa arudi kesho. Waliosema subira huvuta heri hawakuwahi kukaa kwenye benchi lile.

Jumatano mama akapiga simu, kwa simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Nimewakatalia," akasema. Mama na binti walizungumza Kidinka, na mama alikuwa na sauti yake ile ya kufunga mjadala. "Hawaligusi jicho langu mpaka nikuone."

"Mama, wanaondoka Jumamosi! Ukikataa, nani atakuja tena?"

"Nisikilize, Agot. Jicho la kwanza lilizimika tukikimbia, na kitu cha mwisho nilichokiona nalo ni moshi. Mpaka leo nikilala nauona. Hili likiharibika mikononi mwao, nataka liondoke na uso wako. Sitaki dari ya hospitali. Ukija, nalala wanikate. Usipokuja, nirudisheni nyumbani na upofu wangu."

Agot alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Mama akamrudishia mwenye simu simu yake.

Alhamisi basi, mwone Agot kazini. Anainuka, anakaa, anakwenda kunywa maji asiyoyataka, anarudi. Mwanamke mmoja melini anamwuliza kama kwenye maporomoko kuna mbu. Agot anajibu kwa adabu, na moyoni anataka kumwambia: mama, wewe una macho mawili na bahari nzima, na unaniuliza habari za mbu! Akajiona mbaya kwa kufikiri hivyo. Lakini alifikiri, na mimi siwezi kusema hakufikiri.

Kabla ya saa sita Nathan, msimamizi wao, akamwita pembeni. Nathan alikuwa kijana wa Lodwar mwenye upole. Siku hiyo uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Dada Agot, kuna malalamiko imekuja. Mzee anaitwa Halvard. Unamkumbuka?"

Agot alimkumbuka. Mzee aliyefiwa na mkewe, anasafiri peke yake. Jumanne alikuwa ameandika kwamba hataki kasa wala kakao; anataka kushuka tu mwenyewe, atembee mjini, anywe kahawa. Je, inawezekana? Agot alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo. Abiria wote waliomtangulia mzee walichagua safari mojawapo, wakapanda basi na kiongozi wao. Agot hakuona haja ya kumwuliza mtu, kwa sababu jambo lenyewe alilijua tangu utotoni.

"Ulimwambia nini?" Nathan akauliza.

"Nilimwambia inawezekana. Lakini aombe kibali kwenye ofisi ya meli siku tatu mbele, aeleze sababu ya kutoka na siku ya kurudi. Na karatasi atembee nayo, akiulizwa aonyeshe. Yeye akasema siku tatu hazipo tena, meli inafika kesho. Nikamwambia pole, ajaribu kisiwa kingine."

Feni ikazunguka juu yao.

"Sasa kosa iko wapi?" Agot akauliza. "Ni siku tano?"

"Dada," Nathan akasema polepole, "hakuna kibali. Abiria akitaka kushuka, anashuka tu."

"Anashuka tu, vipi? Kama hana sababu?"

"Hata kama hana sababu."

Akaale, aliyekuwa akisikiliza kutoka mezani, alianza kucheka, kisha akamwona Agot usoni na kicheko kikamkatikia mdomoni. Maana Agot hakuwa ameona haya. Alikuwa amekasirika, na hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni. Mzee wa watu alikuwa amekaa melini kutwa, akiegemea chuma, akiwatazama wenzake wakishuka na kofia zao. Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyemzuia ila Agot, na Agot alimzuia kwa nia njema kabisa, kama mama anavyomfundisha mtoto asicheze na moto. Ndicho kilichomchoma. Waliomfungia yeye angalau walikuwa na kazi ya kufunga. Yeye alimfungia mtu bure.

Nathan alimpa maneno ya kuomba radhi yaliyokwisha andikwa na kampuni. Agot hakuyatumia. Alimwandikia mzee kwa maneno yake mwenyewe: kwamba kosa ni lake, kwamba anapoishi yeye, mtu hatoki bila karatasi, naye alidhani dunia yote ni hivyo, kwamba anasikitika sana.

Jibu likaja baada ya muda. Mzee hakugomba. Aliandika kwamba kesho wanafika kisiwa kingine, na kwenye orodha kuna safari za farasi, mapango na mikoko, naye bado hajachagua. Angemshauri nini?

Agot akaandika: "Usichague yoyote. Shuka. Ukifika njia panda, nenda upande wowote unaotaka, na mtu asikuulize." Akabonyeza kutuma kabla Nathan hajasoma.

Usiku ule alilala kidogo. Ijumaa asubuhi hakwenda kazini. Alimpigia Akaale amwambie Nathan, kisha akaenda kwenye ofisi ya vibali, akaketi kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakaa barabara, mgongo ukutani, makalio yote mawili. Watu waliitwa, wakaingia, wakatoka. Alipoambiwa arudi Jumatatu, hakuinuka. Mlinzi akamwambia aondoke. Akasema hapana. Mlinzi akaenda kumwita karani, mtu mnene mwenye kikohozi, ambaye alikuja na faili mkononi.

"Ni wewe Agot? Sasa hii yako ilikwama kwa sababu ya sababu." Akaifungua. "Umeandika, kumwona mama. Kumwona mama si sababu."

"Si sababu?"

"Kila mtu ana mama, dada yangu. Nikipeleka hii juu, watanicheka."

"Mama yangu iko Lodwar hospitali," Agot akasema, na sauti yake ikapanda mpaka benchi zima likageuka. "Jicho yake iko moja. Daktari anaenda kesho. Amekataa kukatwa mpaka anione. Mimi sijui sababu zenu! Wewe ndiyo unajua. Andika ile unajua, unipe niende!"

Karani alikohoa. Pengine naye alikuwa na mama mahali. Pengine alitaka tu kelele iishe. Akatoa kalamu, akafuta, akaandika juu yake: kumhudumia mgonjwa wa upasuaji. Akaingia ndani. Alipotoka tena adhana ya mchana ilikuwa imekwisha msikitini, na kibali kilikuwa na muhuri. Mwisho wake Jumatatu jioni.

Agot hakupita nyumbani kuchukua nguo. Alipanda gari kama alivyo, na Akaale, aliyeomba ruhusa mapema, akapanda naye. Barabarani askari aliwasimamisha. Akaale hakuulizwa kitu. Agot alitoa karatasi yake, askari akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza, akaisoma na upande usioandikwa, akairudisha. "Ejok," akamsalimu Akaale, na gari likaendelea. Agot aliikunja karatasi, akaikunjua, akaikunja tena, mpaka Akaale akamshika mkono.

"Wacha. Utaitoboa."

Walifika Lodwar jua likizama. Akaale alimfikisha mpaka mlango wa wodi, akamwonyesha nyumba yao iko upande gani, akamwacha aingie peke yake.

Mama alikuwa ameketi kitandani na kanga yake ya bluu, uso ameuelekeza mlangoni. Hakuweza kujua ni nani mpaka Agot alipofika karibu kabisa. Hapo akamshika uso kwa mikono miwili, akauvuta, akauinua kwenye taa, akausogeza kushoto na kulia akitafuta mahali ambapo ukungu wa jicho ulikuwa haba. Alichukua muda mrefu. Agot alipiga magoti sakafuni na hakujitikisa. Machozi yalimtoka, mama akayafuta kwa vidole gumba kwa sababu yalikuwa yanamzibia.

"Umekonda," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Nimekuona. Mwite muuguzi, mwambie kesho, kabla hawajaondoka, nakubali."

Muuguzi akaja, akaandika, akafurahi, akaenda. Mama akajilaza, kisha kama mtu aliyekumbuka sufuria motoni, akainuka tena kwenye kiwiko.

"Wamekupa mpaka lini?"

"Jumatatu jioni."

"Basi kesho wakishanifunga kitambaa, wewe rudi." Alishusha sauti, ingawa kati ya waliobaki wodini hakuna aliyejua Kidinka. "Usikimalize kibali, mwanangu. Wakiona umerudi mapema watasema huyu ni mtu mzuri. Siku nyingine ukiomba, watakupa. Mimi ndivyo nilivyofanya siku zote. Nilipewa wiki, nikarudi siku ya pili."

Agot alimtazama. Mara zile mbili alizowahi kutoka, alikuwa na mama yake, na mara zote mbili walirudi mbio, wala hakuwahi kujua ni kwa nini. Alikuwa akidhani kuna mtu aliwaita.

"Kesho nitakaa hapa," akasema. "Kesho kutwa nitakaa hapa. Jumatatu asubuhi, ukishaona, nitakushika mkono tutoke nje, tutembee popote utakapotaka."

"Agot, watakasirika."

"Wakasirike. Kibali nitakimaliza, mama, mpaka jioni yake."

Mama akafungua mdomo kubisha. Agot alikuwa ameshavua viatu, ameshapanda kitandani, na amelala kando yake ukutani, miguu imenyooka.