Litungu Ukutani, Kinanda Mezani

Nasimiyu, mjane wa Sitati wa reli, ndiye mama wa kwanza mtaani Free Area kuondolewa kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba kwa kosa la kucheka. Mwombaji mmoja alikuwa anamkemea pepo wa umaskini mpaka jasho likamtiririka, naye Nasimiyu akauliza kama pepo huyo hajaanza kulipa kodi, maana amekaa mtaani siku nyingi. Hakuitwa tena, wala hakuomba kuitwa. Asubuhi huuza mandazi nje ya geti, na kila anayenunua huondoka na mandazi yake pamoja na habari za jirani, zote za moto.

Goti lake la kushoto limechoka, ila ulimi bado mzima. Anaishi na mwanawe Wanyonyi, fundi wa kuchomelea mageti. Yupo pia mkaza mwanawe Jerotich, binti wa wakulima wa Rongai. Na mjukuu wake Nangila, wa miaka sita. Huyo Nangila hupiga chochote kinachotoa sauti. Amepiga sufuria, amepiga mlango, amepiga tangi la maji, na siku moja alipiga kichwa cha mgeni aliyekuwa amesinzia kwenye kochi. Wazazi wake wakaona heri wamtafutie chombo cha muziki kabla hajamjeruhi mtu.

Mwalimu wa shule alipendekeza ile filimbi ya plastiki. Lakini jirani tayari alikuwa na mtoto mwenye filimbi hiyo, na mbwa wao alikuwa amehama. Filimbi ikatupwa nje ya mjadala bila kura.

Jerotich alitaka kinanda cha umeme. Kanisa lake, Mbiu ya Ushindi, lilikuwa na spika kubwa kuliko mimbari, ila halikuwa na mpiga kinanda, na Mchungaji Kimeli alikuwa ametangaza kwamba Mungu ataziba pengo hilo kupitia mtoto mdogo. Hakusema mtoto wa nani, lakini Jerotich alielewa. Nasimiyu yeye alitaka litungu.

Litungu lenyewe lilining'inia sebuleni, juu ya televisheni. Ni chombo cha Wabukusu, nyuzi saba zilizokazwa juu ya mti uliowambwa ngozi, na hili lilikuwa la Sitati. Tangu wakiishi kwenye nyumba za reli, Sitati alilipiga kila aliporudi safari, na majirani waliacha mboga zikiungua jikoni ili waje wasikilize. Alikuwa na sifa moja aliyoirudia mpaka watu wakachoka: litungu lake halipotezi sauti. Anaweza kwenda Kisumu juma zima, akirudi anakuta nyuzi zimekaa sawasawa. "Ni mti," alikuwa akisema huku akiupapasa. "Huu mti nilichagua mwenyewe." Nasimiyu alimpakulia ugali bila kusema neno, na mtu anayemfahamu Nasimiyu angepaswa kushtuka hapo.

Sitati alifariki muda mfupi baada ya Nangila kuzaliwa, na tangu hapo hakuna aliyeligusa litungu. Wanyonyi alikuwa amejaribu utotoni, lakini vidole vilikataa, na baba yake akamshauri atafute kazi ya vyuma. Nasimiyu alimkumbuka mumewe kwa mengi, hata kwa mkoromo wake, lakini kilichomuuma zaidi ni kuikosa ile sauti. Alitaka kuisikia tena humo nyumbani kabla hajafa, na alitaka itoke kwenye vidole vya Nangila.

"Mama, litungu ni ya wanaume," Wanyonyi alimwambia. "Hata wewe unajua. Mwanamke hashiki hiyo kitu. Ni mila."

"Mila?" Nasimiyu akaweka kikombe chini. "Wewe ulitahiriwa hospitali, umedungwa ganzi. Leo ndio umekumbuka mila?"

Wanyonyi akatazama mabati ya paa, kwa kuwa hilo si jambo la mama kumtajia mwanawe, tena mbele ya mkewe.

Jerotich akajaribu kumwokoa. "Lakini Mama, pastor alisema hizi vitu za ukoo zinakaa na mapepo."

"Mama Nangila, kama kuna pepo humo ndani ni Sitati, na huyo alikuwa anasifu chai yako."

Kwa maneno Nasimiyu alishinda, lakini kwa vitendo alishindwa. Kinanda kilinunuliwa. Halafu Wanyonyi akamletea habari mbaya zaidi: kuna jamaa mwenye hoteli kando ya ziwa Naivasha aliyetaka litungu la kupamba ukuta wa chumba cha kulia, naye angepita Jumapili baada ya ibada kulichukua. "Huko watu wengi wataiona, Mama," Wanyonyi alisema kwa upole. Nasimiyu akamwambia litungu si kalenda. Akaenda kukanda unga wa mandazi, akaukanda kwa hasira mpaka ukawa mgumu, na kesho yake wateja walilalamika.

Katikati ya juma akaona jambo. Nangila alikuwa peke yake mezani na kinanda chake. Akabonyeza kitufe kimoja chekundu kilichoandikwa DEMO, na kinanda kikaanza kujipiga chenyewe, kwa ngoma, tarumbeta na vyote. Mtoto akachezesha vidole juu yake na kufumba macho, kichwa kikiyumba, kama alivyoona wapigaji wa kwenye televisheni wakifanya. Jerotich akatokea jikoni na mwiko mkononi.

"Yesu wangu!" akapiga kelele.

Nasimiyu akafungua mdomo ili aseme ukweli. Akamwona mkaza mwanawe analia kwa furaha, mwiko ukidondosha mchuzi sakafuni, akaufunga. Baada ya muda mfupi Mchungaji Kimeli alikuwa amepigiwa simu.

Jumapili hiyo Nasimiyu alivaa viatu vya kufunga akaenda Mbiu ya Ushindi, kwa sababu mambo mengine si ya kuhadithiwa. Nangila alikaa mbele na kinanda chake, amevaa gauni jeupe na utepe kichwani. Akabonyeza. Muziki ukajaa kwenye ukumbi wa mabati, watu wakasimama, akina mama wakapepea leso. Mchungaji Kimeli akashika kipaza sauti akaanza kutabiri kwamba anaona mataifa, anaona ndege, na ndani ya ndege anamwona mtoto huyu. Hapo Nangila akawashwa na pua. Akainua mkono mmoja akajikuna, kisha akainua wa pili ili afunge utepe vizuri, na muziki ukaendelea bila mikono.

Kanisa zima likaona, na kanisa zima likasema amina.

"Malaika wanampigia!" Mchungaji Kimeli akanguruma.

Ndipo stima ikapotea. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, ila hii haikupasuka, ilinyamaza tu. Nangila akabonyeza kitufe chake mara nyingi, akakipiga na ngumi. Kimya. Nasimiyu akamwinamia mama aliyeketi karibu naye akamnong'oneza, "Kumbe hata malaika wanatumia stima?"

Lakini spika zikizimika, kanisa husikia kila kitu. Kicheko kilianzia nyuma kikafika mbele, na Nangila, ambaye alikuwa hajawahi kuchekwa na watu wengi kiasi hicho, akaangua kilio. Nasimiyu akaona uso wa Jerotich ulivyosinyaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatamani angekuwa bubu.

Mtoto alilia njia yote. Akalia wakati wa chakula, akakataa soda, akakataa kuku. Jamaa wa hoteli alifika akamkuta analia, akaketishwa kwenye kochi, akapewa chai, naye akawa anainywa huku akitupia jicho ukutani kwa adabu.

"Huyu analia kama wakati ule wa jina," Nasimiyu akasema.

Wote walikumbuka. Kwa Wabukusu, mtoto mchanga akilia bila kukoma hutajiwa majina ya wafu wa ukoo, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Nangila alilia mpaka wazee wakaishiwa na marehemu, halafu mmoja akataja jina la Nangila, shangazi yake Sitati, na mtoto akanyamaza papo hapo.

"Basi tutamtajia vyombo," Nasimiyu akasema.

"Mama, ako na miaka sita," Wanyonyi akalalamika.

"Masikio ni yaleyale." Akamwinamia mtoto. "Filimbi!" Mtoto akalia. "Ngoma!" Akalia. "Kinanda!" Akalia kwa nguvu mpya, na Jerotich akafunika uso. "Litungu!"

Mtoto akalia vilevile. Mila ikawa imemwangusha, tena mbele ya mgeni.

Nasimiyu hakuwa na kingine cha kutaja. Akavuta stuli, akapanda na goti lake bovu, akalitungua litungu. Wanyonyi akainuka nusu, akasita. Nasimiyu akaketi, akapangusa vumbi kwa leso, akakaza nyuzi saba moja baada ya nyingine, haraka, bila kuzitazama. Kisha akaupiga ule wimbo ambao Sitati alikuwa akiupiga akirudi nyumbani.

Kilio kikakatikia katikati. Wanyonyi akabaki ameshikilia kikombe hewani.

"Mama. Umejulia wapi?"

"Baba yako alikuwa anaenda Kisumu juma zima. Ulidhani mimi nilikuwa naongea na nani?"

"Na ule mti? Si alisema ni mti ndio haupotezi sauti?"

"Wanyonyi, mti gani unajikaza nyuzi?"

Akaendelea kupiga, na machozi yakamtoka, naye akayaacha yatoke. Kwa miaka yote ya ndoa alikuwa amepigia kuta, Wanyonyi akiwa shuleni na mlango ukiwa na komeo, na kumbe alichokitamani ni watu. Jerotich akaja akaketi sakafuni miguuni pake, akaegemeza kichwa kwenye lile goti bovu. Nasimiyu akavumilia.

Jamaa wa hoteli akakohoa. "Sasa boss, hii kitu bado...?"

"Boss," Wanyonyi akamjibu bila kumtazama, "maliza chai."

Nangila akajifuta makamasi kwa mkono wa gauni jeupe. Akalikaribia litungu, akachungulia mbele, akazunguka akachungulia nyuma, akapapasa ngozi na mti kila mahali, akaghadhibika, akamgeukia nyanya yake.

"Kukhu, demo yake iko wapi?"

Nasimiyu akakichukua kile kidole kidogo, akakiweka juu ya uzi wa kwanza.

"Demo ni mimi."