Upinde Uliorudi Ujanani

Watu wakiniuliza kwa nini besi yangu kubwa naipiga kwa vidole tu, wakati Karatu nzima inajua niliwahi kuwa na upinde wake, huwa nawajibu kwamba bega linanisumbua. Uongo mtupu. Bega langu zima kabisa, gunia la mahindi nabeba. Ukweli ni aibu iliyonikuta Oloipiri, aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu kwenye karakana naweka randa chini na kujifunika uso, na nawasimulia leo kwa sababu mke wangu amesema nisipoisimulia mwenyewe ataisimulia yeye, na yeye akisimulia huwa anaongeza chumvi (kana kwamba haikuwa na chumvi ya kutosha).

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, mimi ni fundi seremala kijana, Mchaga wa kuja, na kwaya yetu ilikuwa imerithi besi moja kutoka kwa mzungu wa shamba la kahawa aliyefunga virago akaondoka. Ni fidla, lakini fidla iliyoshiba, imenizidi kimo, ukiisimamisha mlangoni unaweza ukaikaribisha chai. Ilikuwa imepasuka ubavuni, nikaitia gundi, nikaibana, na kwa kuwa niliitengeneza mimi ikaonekana na kuipiga nipige mimi. Mwalimu Elifuraha, kiongozi wa kwaya, alinifundisha kudonoa nyuzi kwa vidole, dum, dum, basi, kwaya inaimba. Lakini besi ilikuja na upinde wake, fimbo fupi yenye nywele nyeupe za farasi zilizokazwa kutoka ncha hadi ncha, na ukiuburuza juu ya nyuzi ile besi inaacha kudunda inaanza kulia, tena kilio cha mtu mzima. Jamani, nililewa sifa! Vidole nikabaki navyo vya kujikunia.

Sasa kwenye kwaya ile kulikuwa na Nemasi, binti wa Kimasai aliyekuja Karatu kujifunza cherehani, anaimba sauti ya pili, na mimi na yeye tulikuwa tumeshakubaliana. Aliyekuwa hajakubali ni baba yake, Mzee Loishiye wa Oloipiri. Alikuwa amesikia habari zangu na hazikumfurahisha: mtu hana ng'ombe hata mmoja, anashinda anachonga mbao, jioni anakumbatia sanduku. Basi kaka yake Nemasi akawa anaoa, kwaya yetu ikaalikwa, na Nemasi akaniita pembeni.

"Baba amesema harusi ya kaka ikiisha atatoa jibu letu," akaniambia. "Ndiyo au hapana, siku hiyo hiyo. Kwa hiyo wewe njoo, upige vizuri, na nakuomba, usijitie ujuaji."

Hilo la ujuaji ndilo sikulisikia.

Tukapanda lori, besi tumeivingirisha mablanketi, pale geti la Ngorongoro askari akaigonga gonga na kutaka kujua marehemu anaitwa nani, tukapita, tukala vumbi siku nzima, tukafika Oloipiri jua linazama. Nikamwinamishia mzee kichwa anipe mkono wa utosi kama vijana wa kule wanavyofanya (Nemasi alikuwa amenifundisha), akanigusa, na hapo hapo, bila kuombwa na mtu, nikauchomoa upinde kumwonyesha.

"Hizi nywele za nini?" akauliza, anazipitisha kidole.

"Za farasi, mzee."

"Farasi ndiye punda?"

"Ni ndugu yake, mzee. Wa mjini."

Akazitazama sana. "Ana mvi," akasema, akanirudishia.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema, "Mzee, kesho nikianza kuuburuza huu, hutanisahau." Na kweli hajanisahau.

Besi ikalazwa nyumbani kwa shangazi yake Nemasi, kwenye kile chumba kidogo cha ndani wanamolala ndama na vitoto vya mbuzi, maana ndipo penye nafasi na hapanyeshewi. Asubuhi naenda kuichukua. Besi nzima. Upinde nao upo pale pale nilipouchomeka, ila hauna nywele! Zimebaki tatu, zinaning'inia. Na kitoto kimoja cha mbuzi kimesimama kinanitazama kinatafuna taratibu, nywele nyeupe zimetokeza pembeni mwa mdomo, utafikiri mzee mwenye sharubu anayefikiria kesi.

Nikakimbia kwa Mwalimu Elifuraha. Akautazama upinde, akanitazama mimi.

"Vidole unavyo?"

"Ninavyo, mwalimu."

"Basi piga kwa vidole, twende tukanywe chai."

Ndugu zangu, ningekunywa ile chai leo nisingekuwa na kisa. Lakini nilishamwahidi mzee upinde, na mtu ninayemwomba binti ataniona mwongo siku yenyewe ya jibu. Nikazunguka nyuma ya boma nikiwa na mawazo yangu, na nyuma ya boma, peke yake, amefungwa kamba kwenye mti, alikuwapo ng'ombe dume. Mweusi tii, kutoka pua hadi kwato, hana hata nukta. Anang'aa. Na mkia wake una shungi la nywele nyeusi nene ndefu, linakaribia kugusa ardhi.

Naombeni mnielewe nilivyofikiri. Kwetu Machame ng'ombe anakaa bandani, unamletea majani, na mkia ukishika mavi unaupunguza kwa mkasi na hakuna anayeitisha kikao. Nikatoa kisu changu cha kazi. Dume hata hakugeuka, anacheua tu. Kidogo hakikutosha, nikaongeza. Nikasawazisha na upande wa pili ili isionekane (mkono wa seremala huo, hauwezi kuacha kitu upande). Nilipomaliza shungi lote nilikuwa nalo mimi, na dume amebaki na kitu kama mwiko.

Nikakaa chini nikazifunga zile nywele kwa uzi, nikazikaza kwa kabari za mti, nikazipaka ule utomvu mkavu uliokuja na besi, maana bila huo nywele zinateleza tu hazitoi sauti. Nikajaribu. Mama yangu! Ile sauti haijawahi kutoka kwa farasi yeyote.

Ibada ikaisha, watu wakakusanyika nje, shuka nyekundu kila upande, wazee wa upande wa bibi harusi wamekaa mbele kwenye viti vyao vya kigoda, kwaya ikasimama. Nikauburuza. Besi ikanguruma mpaka wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakaacha kuongea, na Nemasi, aliyeniambia nisijitie ujuaji, alikuwa anatabasamu. Nikafumba macho kwa raha. Nilipofumbua, Mzee Loishiye alikuwa amesogea mbele yangu kabisa, hatazami uso wangu, anatazama mkono.

"Ero," akasema (ndivyo wanavyomwita kijana), "jana fimbo yako ilikuwa na mvi. Leo imerudi ujanani?"

"Ni... ni ukungu wa asubuhi, mzee."

Hata mimi sijui nilimaanisha nini.

Hapo hapo morani wawili wakamleta dume. Kumbe yule dume, na hili hakuna aliyeniambia kwa kuwa kule hata mtoto analijua, ndiye aliyekuwa anakabidhiwa ukweni siku ile, na dume wa namna hiyo lazima awe rangi moja na awe mzima, hana kovu, hana pengo, hana kilichopungua. Walimtafuta msimu mzima. Na nzi wa mchana walikuwa wameshaamka. Dume anapeleka mkia kuwafukuza, mkia haufiki. Anapeleka tena, mwiko unapunga hewa. Nzi wakaona hapa ndipo nyumbani. Dume akaruka teke, akageuka, akawakokota morani na kamba yao, akaingia kwenye kwaya! Sauti ya kwanza kulia, sauti ya pili kushoto, Mwalimu Elifuraha juu ya lori sijui alipandaje, na mimi nimekumbatia besi katikati, siwezi kukimbia nayo, siwezi kuiacha. Dume akasimama mbele yangu anahema. Akaninusa. Akaunusa upinde. Akatulia.

Msemaji wa ukweni akainuka, akamzunguka dume taratibu, alipofika nyuma akasimama. "Loishiye," akaita, "huyu amekatwa na nani?"

Mzee akanigeukia mimi. Alinyoosha mkono, nikampa upinde, akaenda akaushika karibu na ule mkia. Nyeusi kwa nyeusi. Nzi wakarudi mgongoni mwa dume, na mzee, mbele ya ukoo mzima, akaanza kuwafukuza kwa upinde wangu, huku na huku, pole pole. Nilitamani ardhi ipasuke, ila pale Oloipiri ardhi ni ngumu.

Ukweni wakamkataa dume. Mzee akalazimika kumtoa dume wake mwenyewe, aliyekuwa anampenda kuliko sisi sote, na nilimwona akimpapasa shingo kabla hajampa kamba msemaji. Hapo sikucheka, na hadi leo hapo huwa sicheki. Nikaenda nikainama.

"Mzee, nisamehe. Sikujua."

"Najua hukujua," akasema. "Ungejua ningekupiga. Jibu lako hili hapa: dume hana mkia, na wewe huna mke. Mkia ukiota, uje."

Nemasi akanitazama nikadhani analia, kumbe anacheka mpaka anashika mbavu. Nikamuuliza nywele za mkia zinachukua muda gani kuota. "Mwaka," akasema, "na ushee. Utaniandalia kabati wakati unasubiri."

Mwaka na ushee nimesubiri mkia, mwenzenu. Karatu nzima ikaacha kunisalimia kwa habari za asubuhi, ikawa, "Fundi, umefika wapi?" na mimi naonyesha kwa kidole, umefika hapa, umefika hapa. Upinde wangu mzee hakuurudisha, alikuwa anatembea nao anafukuzia nzi.

Mwishowe mkia ukaota. Nikaenda Oloipiri na baba zangu wadogo kutoka Machame, na ng'ombe wetu wa mahari, wazuri, tumewaosha. Mzee Loishiye hakuangalia meno, hakuangalia pembe wala kwato. Alipita nyuma yao, mmoja mmoja, akashika kila mkia, akaupima kwa mkono, akaupepea, akanitazama mimi, akaenda kwa anayefuata.

Baba mdogo akaninong'oneza, "Hawa wakwe zako wanapenda mikia kiasi hiki?"

"Ni mila yao, baba," nikamjibu, natazama chini. "Lazima tuiheshimu."