Kitabu Kilichokosekana Rafu ya Nne

Wanafunzi walimwita Mama Rafu, naye hakulikataa jina hilo. Alikuwa mkutubi wa shule yetu ya sekondari kwa miaka tisa, mwanamke mwembamba wa maneno machache, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Maktaba ilikuwa chumba kirefu kilichowahi kuwa bweni, na sakafuni bado zilionekana alama za miguu ya vitanda.

Maktaba za watu wengine hukaa mahali pamoja. Ya kwake ilihama. Kila Ijumaa alikusanya maazimio ya kazi ya walimu wote, akaangalia wiki inayofuata nani anafundisha nini, kisha akahamisha vitabu. Vya wiki hiyo vilishuka rafu ya mbele, mwanafunzi avifikie bila kuomba. Vilivyokwisha kazi vilirudi nyuma, popote palipokuwa na nafasi, na nafasi yenyewe aliijua yeye peke yake. Hakukuwa na namba wala orodha. Ukimwomba kile chekundu kilichochanika mgongo, anakuletea kabla hujafunga mdomo.

Jumatatu asubuhi kila mwalimu alikuta vitabu mezani kwake vimechomekwa vikaratasi: "Hapa kidato cha pili hukwama kila mwaka. Anza na mchoro." Na kweli, hapo ndipo walipokwama. Alijua kwa sababu watoto tuliowakwamisha sisi darasani walikwenda kukwamuliwa kwake. Binti mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa hawezi kusoma aya moja bila kutokwa jasho. Mama Rafu alimpa kitabu chembamba, alipokirudisha akampa kinene kidogo, na hakumwambia mtu. Kufika kidato cha tatu binti yule alisoma taarifa ya habari mbele ya shule nzima, nasi walimu tukapeana mikono kwa kazi tusiyoifanya.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na nitasema kweli: kwa miaka sita sikuandaa somo. Aliandaa yeye, mimi nikapeleka sauti.

Mume wake alikuwa fundi mitambo wa kiwanda katika mji ulio mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Binti yao aliishi huko na baba na bibi yake, maana chumba alichopewa Mama Rafu shuleni kilitosha kitanda na ndoo. Alimwona mtoto wakati wa likizo tu, na nusu ya kila likizo ililiwa na kushona vitabu vilivyochanika. Mwaka ule wa tisa aliomba kazi katika maktaba ya mji huo, akapata. Barua ilisema aripoti kabla ya tarehe mosi ya mwezi wa tisa, akiwa na ruhusa ya mwalimu mkuu. Asipofika, nafasi apewe mwingine.

Mwalimu mkuu wetu tulimwita Mhuri, kwa kuwa aliupenda mhuri wa shule kuliko walimu wake. Mwaka uliotangulia alimfukuza mlinzi kwa kosa la kutoka na kitabu ambacho hakikuandikwa kwenye daftari la kuazima. Nilikuwa ofisini kwake, nimekwenda kuomba chaki, Mama Rafu alipoingia na barua.

"Sikukatalii, mama," Mhuri akasema. "Lakini ukiondoka leo, nani atajua kitu kiko wapi humo ndani?"

"Nitaandika orodha."

"Andika. Halafu tutamjaribu huyo atakayekurithi. Akiweza, natia sahihi pale pale."

Nadhani hapo ndipo alipotambua kwamba miaka yote ile, kwa kutupenda, alikuwa akijifungia mlango mwenyewe.

Akapiga moyo konde. Wiki sita alibandika namba kwenye vitabu elfu mbili na mia tatu, vidole vimekakamaa gundi. Mrithi alifika, bwana wa makamo aliyekuwa karani wa mahakama, mpole, mwenye mwandiko wa kuonea wivu. Mchana mmoja nilimsikia Mama Rafu akizungumza na bintiye kwenye simu. "Safari hii siji kutembea," alisema. "Nakuja kukaa." Akacheka, na sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Furaha yake ilinitia hofu. Kidato cha nne walikuwa wakikaribia mtihani, nami nilijiona nimesimama mbele yao mikono mitupu. Siku moja kabla ya jaribio nilikwenda kuchukua diwani ya mashairi, nakala pekee tuliyokuwa nayo. "Chukua tu, mwalimu," aliniambia bila kuinua kichwa. Mimi hakuwa akiniandika. Aliniamini.

Siku ya pili Mhuri alikaa katikati ya maktaba na saa mkononi. Walimu watatu tulitakiwa kuomba kitabu kimoja kimoja, na mrithi avipate kwa orodha tu. Mwalimu wa kemia aliomba, kikapatikana. Wa jiografia aliomba, kikapatikana upesi zaidi. Mama Rafu alisimama dirishani, viganja amevifumbata. Zamu yangu ilipofika, nikaomba diwani.

Ningependa kusema nilisahau kwamba ninayo. Sikusahau. Ilikuwa kwenye mkoba wangu, miguuni pangu.

Mrithi alisoma orodha: rafu ya nne, namba kumi na saba. Akaenda. Akapekua kumi na sita, kumi na nane, akapiga magoti akatazama chini ya rafu. Kisha Mama Rafu akageuka akanitazama, akautazama na mkoba. Alijua. Neno moja tu lilitosha kumpeleka kwa mwanawe, na neno hilohilo lingenifukuzisha kazi mimi. Nilikuwa na mdomo pia, ila niliusukuma mkoba nyuma kwa kisigino.

"Nitakuwa nimekosea kuandika," akasema. "Kosa ni langu."

Mhuri akafunga kofia ya kalamu. "Orodha bado haijaiva, mama. Tutaangalia muhula ujao."

Tarehe mosi ilipita, nafasi ikapewa mtu mwingine, karani akarudi kwao. Jioni ya jaribio nilipeleka kitabu, nikaanza kuomba radhi. Alikipokea, akakipangusa.

"Una watoto watatu, mwalimu," alisema.

"Na wewe unaye."

"Ninaye mmoja," akajibu, akakirudisha kwenye rafu ya nne.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Uongo. Nilichuma mimi, akala yeye na wa kwake. Na Jumatatu iliyofuata vitabu vyangu vilikuwa mezani, vikaratasi mahali pake, nami nikavitumia.

Mwaka uliofuata niliomba uhamisho. Mhuri aliutilia sahihi akiwa amesimama, akienda kula. "Walimu wa Kiswahili wapo tele," alisema. Basi langu lingepita katika mji wa mumewe, kwa hiyo Mama Rafu alinipa kifurushi: sare ya shule aliyomshonea binti yake kwa mkono, maana likizo mbili hakuweza kwenda. Aliniomba nimsalimie, basi.

Stendi niliwakuta fundi na binti. Sikutegemea kuona msichana mrefu namna ile, begani kwa baba yake. Alifungua kifurushi hapohapo, akaitandaza sare kifuani. Mabega hayakufika, na pindo liliishia juu sana ya goti. Mama yake alikuwa ameshona kwa kipimo cha mtoto anayemkumbuka.

Baba akageukia upande wa mabasi. Nilitaka kumwambia yule binti nilichofanya, pale pale, mbele ya watu. Dereva alikuwa akipiga honi.

Binti aliikunja sare taratibu, mikono juu ya mikono, akaifunga upya na uzi uleule.

"Ukimpigia mama," akaniambia, "mwambie imenienea."